Inchi Nne za Kifua cha Pius

Msije mkaniambia hamkuijua Siku ya Steringi. Yeyote aliyekuwa na akili zake Mwanza kabla runinga hazijaingia kila sebule aliijua, na anayejifanya hakuijua, huyo ama alikuwa mlokole ama anaona haya. Kila mwaka, siku ya pili ya Krismasi, mashabiki wa picha za Kihindi walifurika kwenye ukumbi wa senema pale mjini. Walitoka Kirumba, Igogo, Mabatini, wengine walivuka kwa kivuko cha Kigongo wakitokea Sengerema na nguo zao kwenye mfuko wa rambo. Walikuja wawili wawili, mwanaume amevaa kama steringi wa picha, mwanamke kama mpenzi wake. Jozi moja moja ilipanda jukwaani, ikatembea, ikazunguka, na ile iliyoshangiliwa kuliko zote ilipigwa picha kubwa, ikabandikwa mlangoni pa ukumbi mwaka mzima. Ukitaka kujua Mwanza nani ni nani, ulikwenda kusimama pale mlangoni.

Karibu jozi zote zilizobandikwa pale zilipita mikononi mwa Evelina Masalu.

Evelina alikuwa na cherehani yake ya miguu kwenye baraza la duka la vitambaa la Iqbal, Mtaa wa Rufiji. Mume aliwahi kuwa naye. Alimuaga kwamba anakwenda Geita kwenye dhahabu kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo. Evelina hakulia sana. Alipanga vyumba viwili Kirumba, akaishi na mdogo wake Kija, ambaye baba yao alifariki akamwacha darasa la nne, mama yao akabaki Buswelu. Akamsomesha, akamvisha, akamsuka, akamchapa pale ilipobidi. Mtu akimuuliza ana watoto wangapi alijibu, "Ninaye Kija," na akikuona unataka kuuliza zaidi alikanyaga cherehani kwa nguvu usisikike.

Ikifika Septemba, watu walianza kupanga foleni barazani. Walikuja na picha waliyoichana kwenye gazeti, wakaiweka mezani. "Fundi, sisi tunataka hii." Evelina aliitazama picha, akawatazama wao, akairudisha.

"Hii siyo yenu."

"Kwa nini siyo yetu, na hela tunayo?"

"Mkeo ni mweusi mzuri kabisa, ukimvika njano hii ya limau utamfanya aonekane ana homa ya manjano. Na wewe tumbo limeshaanza kukutangulia. Koti hili linataka mtu ambaye tumbo lake linamfuata nyuma. Njooni Jumapili twende tukatafute picha yenu."

Walinuna, lakini walikwenda naye senema. Evelina alikaa viti vya mbele, vya bei rahisi, na penseli na kipande cha karatasi ya kaki, akachora gizani, huku wenzake wanalia kwa sababu steringi kapigwa na mama yake kapofuka. Machozi ya picha hayakumpata. Alitazama mikono ya koti inaishia wapi.

Mafundi wengine walidhani kuwavisha wapenzi sare ni kukata jora moja, hapa gauni, hapa shati, basi. Evelina aliwacheka. "Hiyo ni kwaya," alisema. Kwake yeye, nguo za wawili zilitakiwa kuitikiana. Rangi ya koti la mwanaume ionekane kidogo kwenye pindo la sari ya mwanamke, na rangi ya sari itokeze kwenye kilemba cha mwanaume, ili hata wakisimama mbali mbali ukumbini mtu aseme, yule ni wa yule. Na mitumba ile iliyowaua kwa njaa mafundi wenzake, yeye aliigeuza mtumishi wake. Marobota yalipofunguliwa sokoni alipita blauzi zote na suruali zote, akaenda kwenye mapazia. Mapazia mazito ya Ulaya, yenye kamba za dhahabu pembeni! Aliyafumua barazani kwa wembe, na kamba zile zikawa nakshi ya koti la mfalme, na Iqbal, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki, alishika kichwa. "Evelina, hii kweli pazia?" "Lilikuwa," alisema Evelina.

Kitu kimoja tu hakukifanyia mzaha, nacho ni vipimo. Aliviandika kwenye daftari la kurasa nyingi, jina la mtu, tarehe, kifua, kiuno, bega, mkono, na kila mwaka mteja akirudi alimpima upya, akaandika chini ya mstari wa mwaka jana. Ufundi huo alifundishwa na Mzee Makame, fundi wa zamani aliyemtoa kwenye kushona vifungo akamfikisha kwenye kukata makoti. Mzee Makame alikuwa na sharti. Fundi, alisema, anaujua mwili wa mtu kuliko mama yake. Anajua nani mja mzito kabla mume hajajua, nani ana bega la kushoto lililoshuka, nani ana kovu la kisu ubavuni ambalo anasema ni la ajali. "Mwili wa mteja ni amana," alimwambia. "Fundi kapewa macho na mikono. Mdomo hakupewa." Evelina aliapa, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kusikia kwake neno moja la mwili wa mtu. Watu walimwamini. Walivua nguo mbele yake kama wanavyovua mbele ya daktari.

Ni sharti zuri, nalikubali. Lakini lilitungwa zamani, wakati ambapo siri kubwa ya mwili ilikuwa mimba.

Sasa nisikilizeni. Palikuwa na dereva mmoja wa malori, Alexander, na mkewe Dorotea. Walishinda Siku ya Steringi miaka miwili mfululizo, tisini na tisini na moja. Mwaka wa tisini Alexander alikuwa na kifua inchi arobaini na mbili. Mwaka uliofuata thelathini na tisa. Akasema ni safari. Mwaka uliofuata thelathini na tano, na Dorotea naye kiuno kikaanza kushuka, mstari chini ya mstari, kama watu wawili wanaoteremka ngazi pamoja. Mwaka wa tisini na tatu hawakuja kupimwa. Evelina alikwenda kwenye misiba yote miwili. Aliporudi msiba wa pili alifungua daftari, akatazama ule ukurasa, akaelewa kwamba futikamba yake ilikuwa imejua kabla ya hospitali. Alikuta kurasa nyingine nne za namna ile. Redio ilikuwa inaimba ukimwi asubuhi na jioni, watu wanasema ni kurogwa, wanasema ni kifua kikuu, na yeye anazo tarakimu mezani kwake. Hakumwambia mtu. Amana ni amana.

Kija wakati huo alikuwa mkubwa, ana miaka ishirini na minne, anauza tiketi dirishani pale pale kwenye ukumbi wa senema. Huko dirishani ndiko Pius alikompata. Pius alikuwa wakala wa samaki, anazunguka mialoni, wavuvi wanakoshusha samaki, na visiwani kununua sangara kwa ajili ya kiwanda cha minofu. Miaka ile ya sangara mnaijua wenyewe, kijana akishika pesa ya samaki mji mzima unamjua kwa jina. Lakini nisimsingizie, Pius hakuwa na maringo. Alikuwa mcheshi, mtaratibu, alimsalimia mama yao kwa kuinama mpaka chini, na alimpenda Kija kwa namna ambayo hata Evelina, aliyekuwa hawaamini wanaume wote wa kanda ya ziwa, alisalimu amri. Januari ya tisini na tatu alimshonea Pius suti ya kwanza. Kifua arobaini, kiuno thelathini na nne. "Shemeji," alimtania akiwa na pini mdomoni, "hiki kifua au kabati?"

Mwaka wa tisini na nne Pius alipeleka barua ya posa. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mjomba wao, Luhaga, mtu wa Misungwi, mfuga ng'ombe, mkali kama pilipili mbuzi, alituma ujumbe kwa mama yao Buswelu. Amesikia kwamba kijana huyo amekonda. Amesikia kuna mwanamke wake wa zamani kule kisiwani amezikwa. Hatakubali mpwa wake aolewe na mgonjwa, na hatapokea ng'ombe hata mmoja mpaka amwone mtu huyo kwa macho yake. Ndivyo wazee wetu walivyofanya toka zamani, walikwenda kumtazama mwoaji anavyotembea, anavyokula, anavyonyanyua kitu kizito. Ikakubaliwa kwamba mjomba na mama watakuja mjini siku ya pili ya Krismasi, wamwone Pius pale ukumbini atakapopanda na Kija. Wakimwona mzima, ndoa. Wakimwona vinginevyo, barua inarudi na mambo yanaishia hapo.

Kwa hiyo mnaona kilichokuwa kinapimwa Oktoba ile, Pius alipokuja barazani kwa Evelina.

Jua la Oktoba la Mwanza halina huruma, miamba yenyewe inatokota, na Pius alikuja amevaa jaketi. Evelina alimpeleka nyuma ya pazia, ndani ya duka la Iqbal. "Vua jaketi, shemeji." Alivua. Chini yake sweta. Chini ya sweta shati, na chini ya shati, shati jingine. Alivua kama mtu anayemenya kitunguu, na mwishowe alibaki na fulana, akasimama anatazama ukutani.

Futikamba ilizunguka kifua, ikakutana mapema mno. Evelina akadhani imejikunja mgongoni. Akainyoosha, akapima tena. Thelathini na sita. Kiuno ishirini na tisa.

"Malaria, shemeji," alisema Pius. "Halafu kule visiwani tunakula ovyo."

 Evelina aliandika tarehe, akaandika thelathini na sita chini ya arobaini. Mkono wake uliandika vizuri kabisa, na jambo hilo lilimtisha baadaye kuliko yote.

"Umekwenda hospitali?"

"Nikaambiwe nini?"

 Nje Iqbal alikuwa anamkatia mtu kitambaa, wanabishana kuhusu yadi.

"Shemeji," alisema Pius, sasa amegeuka. "Mjomba anakuja siku hiyo."

"Anakuja."

"Na mama."

"Na mama."

"Basi nitengenezee kifua."

Evelina alimtazama. Mngetaka niwaambie kwamba alimfukuza. Mngetaka alie, apige kelele, amshike ukosi amwambie kwamba Kija ni mtoto wake yeye, hana mwingine. Alimuuliza swali moja tu. "Na Kija?"

"Kija nampenda, shemeji. Nikimkosa Kija nitakufa."

Mjinga yule alisema hivyo, na alimaanisha. Na Evelina akasema, "Njoo Jumamosi tujaribu."

Usiku na mchana aligombana na nafsi yake, na nafsi ilikuwa na majibu tayari kwa kila kitu. Huenda ni malaria kweli. Wapo waliokonda wakanenepa. Ukimsema mtu ana ukimwi na hana, utaishi wapi? Mwili wa mteja ni amana. Kija akimwacha huyu, na miaka yake inakwenda, atampata nani? Yote hayo yana chembe ya ukweli, lakini palikuwa na jingine chini yake, na nitalisema mimi kwa kuwa Evelina mwenyewe lilimchukua miaka kulisema. Alitaka ile picha. Kwa miaka yote alivisha watu baki wakabandikwa mlangoni, na sasa angebandikwa mdogo wake mwenyewe, ndani ya kazi bora kuliko zote alizowahi kushona, na mji mzima ungepita pale useme, yule ni ndugu yake fundi. Alikuwa ameshachagua picha. Alikuwa ameshanunua pazia.

Wiki moja kabla ya Krismasi Kija alikuwa amesimama juu ya kigoda chumbani, dada yake anapinda sari, na akauliza bila kugeuka.

"Dada, watu wanasema Pius amekonda. Wewe ndiye unayempima. Amekonda?"

Aliulizwa, jamani. Aliulizwa waziwazi, kwa Kiswahili, na mtu mwenye haki ya kuuliza. Pini zilikuwa mdomoni, angeweza hata kutikisa kichwa tu.

"Mwanaume anayekimbizana na samaki atanenepea wapi?" alisema Evelina. "Simama wima, pindo linakwenda upande."

Kija akacheka, akasimama wima.

Koti alilomshonea Pius sijaona mfano wake tangu siku ile. Lilikuwa la zambarau iliyokolea, refu mpaka magotini. Ndani aliweka sponji ya godoro, akaichonga kwa mkasi, nene kifuani, nyembamba ubavuni, ili ifuate mwili kama nyama. Juu ya sponji kitambaa kigumu, juu yake bitana mara mbili. Mabega aliyajenga. Ukosi aliusimamisha juu ili ufunike shingo. Mikono aliirefusha, akaitia lesi ya dhahabu ianguke mpaka kwenye vidole, mtu asione kifundo cha mkono kilivyobaki mfupa. Kilemba kikafunika nywele, ambazo zilikuwa zimeanza kuwa laini kama za mtoto. Na Kija alimvika sari ya kijani cha embe bichi, pindo lake zambarau ile ile. Alipowasimamisha pamoja mara ya kwanza, Evelina alilia, na wote wawili walidhani ni furaha.

Siku ya pili ya Krismasi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Jozi kumi na saba zilipanda. Ya kumi na nane, Iqbal akatangaza majina, na Pius akatokea na Kija mkononi. Nyie! Alitembea polepole, maana haraka asingeiweza, na polepole ile ikaonekana ni ufalme. Wahuni wa viti vya mbele walisimama juu ya viti. "Steringi hafi! Steringi hafi!" Ukumbi mzima ukaidaka, wanapiga mikono na miguu. "Steringi hafi!"

Mjomba Luhaga alikuwa mstari wa pili, kofia magotini. "Ala!" alimwambia mama yao kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. "Huyu ndiye mliyeniambia mgonjwa? Mwanaume amejaa hivi, anaweza kulima na plau bila maksai! Watu wana ndimi mbaya!"

 Jozi ziliposhuka mama alikwenda mbele, akampa Pius mkono, kisha akamwekea mkono wa pili begani, akauacha hapo muda. Akageuza shingo, akamtafuta Evelina kwenye umati, akamtazama. Evelina akatabasamu. Hakuweza kufanya kingine. Mama akamgeukia Pius, akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu."

Walifunga ndoa Februari. Picha yao ilibandikwa mlangoni pa ukumbi, na wateja walimjia Evelina mpaka kutoka Musoma.

Yaliyofuata sitayarefusha, kila nyumba Mwanza ina ya kwake. Mwaka haukuisha Pius akalala kitandani na hakuamka tena kwa miguu yake. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilimfichua Juni ya tisini na sita. Ndugu zake walisema mawakala wenzake wamemroga kwa sababu ya samaki, na walizunguka kaburi wakitaja majina. Mtoto wao wa kike aliishi miezi saba, akamfuata baba yake kabla ya mvua za vuli. Kija alirudi Kirumba kwa dada yake na sanduku moja. Dirisha la tiketi lilikuwa na mtu mwingine, ukumbi wenyewe ulikuwa unakufa kwa sababu ya video, kwa hiyo Evelina alimweka barazani, akamfundisha vifungo, akamfundisha pindo. Walikuwa wanakaa hivyo siku nzima, mmoja kwenye cherehani, mmoja na sindano, hawasemi mengi. Evelina alimpikia uji wa ulezi, maziwa, samaki. Kila aliposhona alitazama shingo ya mdogo wake kwa chini chini, na hakuthubutu kumpima.

Siku moja mwaka wa tisini na saba Evelina alikwenda sokoni kununua uzi. Akaja mteja wa zamani, Chenge, mwalimu, anataka suruali. "Vipimo vyangu mnavyo," alimwambia Kija. "Dada yako alinipima mwaka wa tisini na nne, mwezi wa kumi au wa kumi na moja." Kija akavuta daftari la zamani chini ya meza, akaanza kupekua akitafuta jina la mwalimu. Akafika kwenye jina la Pius.

Evelina alipofika na uzi wake, Chenge alikuwa ameshaondoka. Kija amekaa, daftari liko wazi magotini.

"Dada, hii ni thelathini na sita?"

Evelina alijua ni ukurasa gani kabla hajaufikia. Akakaa kwenye ngazi ya duka.

"Ni thelathini na sita," alisema.

"Na tarehe hii?"

"Kija..."

"Mimi najua kusoma, nataka unisomee wewe."

"Oktoba kumi na tano."

"Mimi nilikuuliza Desemba," alisema Kija. Hakupaza sauti. Watu walikuwa wanapita na mizigo yao, muuza karanga anaita. "Nilikuwa nimesimama juu ya kigoda. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ungesema ndiyo tu. Amekonda. Neno moja. Ningeenda naye kupima, au ningemkimbia, au ningebaki naye nikijua. Lakini ningechagua mimi." Akafunga daftari, akaliweka mezani taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. "Umenichagulia nguo tangu nikiwa darasa la nne, dada. Na hilo ukanichagulia."

Evelina alitaka kusema juu ya amana, juu ya Mzee Makame. Maneno yalifika kooni, akayasikia yanavyonuka, akayameza.

"Nisamehe."

"Nenda kamwambie mama," alisema Kija. "Mama anamlaumu mjomba. Hawajasalimiana mwaka mzima, anasema mjomba ndiye aliyesema Pius ni mzima. Nenda umwambie nani aliyemfanya mzima. Leo hii, wewe mwenyewe."

Alikwenda. Buswelu miaka ile ilikuwa mbali, unashuka barabarani unatembea kwa miguu katikati ya mihogo. Njia nzima alipanga maneno na kuyapangua. Alimkuta mama yake nje anapepeta mchele. Akapiga goti, "Shikamoo mama." "Marahaba. Mbona saa hizi?" Evelina hakuinuka. Akasema yote, pale pale chini, akiwa ameinamisha kichwa: futikamba, arobaini na thelathini na sita, jaketi juu ya sweta, sponji ya godoro, swali la Kija, jibu lake. Alisema kwa haraka ili asipate nafasi ya kujitetea. Ungo uliendelea kwenda juu na chini mpaka alipomaliza, kisha ukasimama.

Alisubiri apigwe. Angeshukuru.

"Nilimshika bega," alisema mama yake. "Pale ukumbini. Mimi nimezaa watoto tisa, nimezika watano, nitakosa kujua bega la mtu na bega la godoro?"

Evelina aliinua uso. "Ulijua?"

"Nilishika sponji. Roho ikaniambia, huyu si mzima, sema sasa hivi, mbele ya kaka yako." Mama alichukua punje ya mpunga kwenye ungo, akaitupa pembeni. "Ndipo nikageuka nikakutafuta wewe. Nikakuona unacheka. Nikajiambia, aliyempima ni Evelina. Kija ni mtoto wake kuliko alivyo wangu. Lingekuwepo neno, Evelina angesema."

Akaushika tena ungo, akaendelea kupepeta.